Ruta Iliyofungiwa kwa Kufuli

Kadija alikuwa anageuza gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, aliposikia jina lake likitajwa uani. Halikutajwa kwa wema.

"Ni nyumba ya Kadija," Brendah alikuwa akisema. "Binti yake anashinda kwenye kompyuta kutwa. Sisi tutabaki na intaneti gani?"

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Walukuba, mjini Jinja. Ua ule una nyumba tatu zilizopangana mstari mmoja. Mwanzo anakaa Gaster, sajini mstaafu wa magereza, na mkewe Margret. Katikati wanakaa Norman na mkewe Brendah. Mwisho kabisa, karibu na ukuta, anakaa Kadija na binti yake Madinah. Nyumba zote tatu zinatumia intaneti moja na zinachanga sawasawa. Lakini mkataba uliandikwa kwa jina la Gaster. Basi Gaster akajiona ndiye serikali.

Kadija alitoka nje.

"Mama Madinah, umekuja vizuri," Gaster alisema. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama anakagua gwaride. Kiswahili chake ni kile cha kambini. "Intaneti nakufa kila siku. Video hapana fungua. Simu ya mtoto wangu kutoka Kampala nakatika. Mimi nimechunguza. Ni nyinyi namaliza."

"Umechunguza na nini, Afande?"

"Na macho."

"Intaneti inaonekana kwa macho?"

Norman alicheka. Gaster hakucheka.

"Mimi nimelinda watu miaka thelathini. Mwizi najua. Watu wa aina hii najua. Jumatatu asubuhi leta simu zenu na ile kompyuta. Nafuta intaneti yangu ndani. Kwisha."

Kadija alihisi kitu kikipanda kifuani, moto, kama mafuta yaliyosahauliwa jikoni. Maneno hayo, 'watu wa aina hii', aliyasikia mara ya kwanza akiwa na miaka tisa, kule Mbale, mwaka wa sabini na tisa, serikali ya jeshi ilipoanguka na Wanubi wote kama wao wakaitwa watu wake. Baba yake alikuwa mpishi wa jeshi. Hakuwahi kumpiga mtu risasi, alipika maharage. Lakini majirani walikuja wakasema kila kilichopotea mtaani kiko kwao. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyetafuta. Walibeba cherehani ya mama yake. Waling'oa hata mlango. Na wale waliobeba walikuwa wamekula Idi nyumbani humo miezi michache tu nyuma.

Miaka ikapita, watu wakazeeka, vitu vikabadilika. Jana mlango, leo intaneti. Anayelaumiwa ni yule yule.

"Sikiliza, Afande," alisema, na sauti yake ikafika barabarani. "Nyumba yangu ni ya mwisho. Mimi ndiye ninayepata tone la mwisho la hiyo intaneti. Madinah akitaka kufungua barua moja, anakwenda kusimama mlangoni kwa Brendah kama ombaomba! Halafu mimi ndiye ninayewamalizia?"

"Jumatatu," Gaster alisema.

"Kabla ya hiyo Jumatatu nitaleta mtu anayeijua kazi hii. Atapima. Akinikuta na kosa, nitatoka mwenyewe. Asiponikuta, tutasema mengine."

Madinah alikuwa amesikia yote kutoka ndani. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi kule Buwenge. Anasoma shahada ya ualimu kwa mtandao, mwaka wa tatu sasa. Mwezi uliopita alikaa kufanya mtihani wa mwisho. Mtihani huo hufanywa chumbani, peke yako, kamera ikikutazama. Katikati ya mtihani picha iliganda, mtandao ukakatika, na mtihani ukafutwa. Chuo kilimpa nafasi moja tu ya pili: Alhamisi, saa nne asubuhi. Ukikatika zaidi ya dakika kumi, basi, mpaka mwaka ujao.

"Mama, wakitutoa Jumatatu, Alhamisi nitafanyia wapi?"

"Hawatatutoa," Kadija alisema. Akampigia simu mtoto wa kaka yake.

Shadiah anaishi Nakaloke na anafanya kazi Mbale mjini. Yeye hufunga mitandao katika shule na zahanati. Alifika Jinja Jumapili mchana, begi mgongoni. Watu wote wa ua walitoka kumtazama.

"Ameleta mtoto wa nyumbani," Brendah alisema. "Atasema nini zaidi ya kumtetea shangazi yake?"

"Usiniamini, dada," Shadiah alijibu. "Shika simu yako mwenyewe. Utasoma mwenyewe. Ruta iko wapi?"

Ruta ni kile kisanduku chenye taa, kinachopokea intaneti kutoka waya wa kampuni na kuigawa hewani kwa simu na kompyuta.

Gaster alisita. Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akawaongoza chumbani kwake. Kwenye kona palikuwa na sanduku kubwa la chuma, la kijani, lenye jina na namba yake ya kazi. Waya mbili zilipita katika tundu alilolitoboa kwa msumari. Sanduku lilikuwa na kufuli.

Shadiah aligonga chuma kwa kidole.

"Afande. Ruta imo humo?"

"Kitu cha thamani nakaa stoo, chini ya kufuli," Gaster alisema kwa fahari. "Hiyo ndiyo kanuni."

"Nilimwambia itakosa hewa," Margret alisema kutoka mlangoni. "Akanijibu mambo ya stoo si ya wanawake."

Na kampuni je? Fundi wao alikuja, akafunga waya, akanywa soda, akaondoka. Hakusema ruta iwekwe wapi, hakusema itunzwe vipi. Gaster alipopiga simu kulalamika walimwambia azime, awashe. Wamekula pesa ya watu mwaka mzima kwa maneno mawili: zima, washa.

Gaster alifungua kufuli. Joto liliwapiga usoni. Margret alikigusa kile kisanduku akarudisha mkono haraka.

"Tuanze," Shadiah alisema. "Kwanza tujue kosa ni la kampuni au ni letu." Akazima kwa muda ile ya hewani, akachomeka waya mfupi kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta ya Madinah, akafungua ukurasa unaopima kasi. "Dada Brendah, soma."

"Ishirini," Brendah alisoma.

"Kampuni iliwaahidi ngapi?"

"Ishirini," Norman alisema polepole.

"Basi intaneti inafika nyumbani yote. Inapotea hapa hapa. Nimewasha tena ya hewani. Sasa dada, nenda ukasimame mlangoni kwa shangazi na simu yako. Afande, funga sanduku."

Brendah alikwenda. "Moja!" alipiga kelele kutoka kule. "Hapana, imekwama kabisa!"

"Afande, fungua."

"Sita! Imekuwa sita!"

"Mawimbi ya waifai yakigonga chuma yanarudi," Shadiah alieleza. "Ni kama mtu anayeongea ndani ya pipa lililofunikwa. Yeye anachoka kusema, na wewe husikii. Tena ruta ikipata joto hivi inapunguza nguvu, au inajizima yenyewe. Inataka mahali pa wazi, juu, penye hewa, katikati ya wanaoitumia. Isikae sakafuni, isikae nyuma ya friji."

"Katikati ni kwangu," Norman alisema.

"Ruta ni yangu!" Gaster alisema.

"Ruta ni ya nyumba tatu," Kadija alisema. "Tunachanga sawa. Au kwenye kuchanga sisi ni watu, kwenye kutumia ni wezi?"

Gaster alitia kufuli mfukoni.

Shadiah alikuwa bado ana kazi. "Sasa nataka kuona nani ameingia humu. Neno la siri ni nini?"

Gaster aliinama akamnong'oneza. Neno lile hakuwahi kumtajia mtu. Aliliandika mwenyewe katika kila simu ya uani, akiwageuzia mgongo wenye simu.

Shadiah alimtazama. "Afande, hii namba nimeisoma sasa hivi nikiingia. Umeiandika kwa rangi getini. 'Chumba cha kupanga, piga simu.'"

Margret alijifunika mdomo kwa leso. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka kwa kicheko.

Shadiah alionyesha orodha kwenye kompyuta. Vifaa ishirini na vitatu vilikuwa vinatumia intaneti yao. Walihesabu vya kwao, nyumba zote tatu: tisa. Vingine kumi na vinne ni vya watu wa barabarani. Walijaribu namba ya getini, ikafungua, wakakaa.

"Sasa angalia hapa," Shadiah aliendelea. "Kati ya vile tisa, hiki ndicho kinachovuta kuliko vyote. Simu ya nani hii?"

Norman alisogea. "Yangu. Lakini imelala mezani! Siigusi!"

"Wewe huigusi, yenyewe inafanya kazi. Inapandisha video zako zote kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hukuizima."

"Video za harusi ya kaka," Norman alisema kwa sauti ndogo.

"Na kwangu je?" Kadija aliuliza. Alilitaka jambo lile lisemwe kwa sauti. "Nyumba yangu inatumia kiasi gani? Soma, Brendah. Wewe ndiye uliyenitaja."

Brendah alisoma. Ilikuwa ya chini kuliko zote. Alisoma hadi mwisho, kisha akatazama miguu yake.

Jioni hiyo ruta ilihamia kwa Norman, kwenye rafu juu ya mlango. Shadiah alibadilisha neno la siri. Akachagua maneno manne yasiyohusiana, marefu, yasiyo jina la mtu wala namba ya simu. Akabadilisha pia neno la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, kwa sababu lile la kiwandani limeandikwa chini ya ruta na kila mgeni anaweza kulisoma. Wageni aliwawekea njia yao ya pembeni, yenye neno lake. Norman alipanga simu yake ipandishe video alfajiri, watu wakiwa wamelala. Neno la mipangilio walipewa watu wawili: Kadija na Margret. Gaster hakupewa.

"Ikisumbua tena msianze na mtu," Shadiah aliwaambia. "Anzeni na taa. Hii ya laini ya kampuni ikiwa nyekundu, tatizo ni la kampuni. Andikeni siku na saa, muwapigie, muwasomee. Ikiwa kijani, jaribuni kwa waya. Kwa waya ni sawa? Basi tafuteni humu ndani." Kisha akamgeukia Madinah. "Alhamisi jaza betri ya kompyuta. Weka na data kwenye simu yako, ujue jinsi ya kuigawa kwa kompyuta. Umeme wa Jinja haukuahidi kitu."

Jumatatu Margret alikuja mlangoni kwa Kadija na mkungu wa ndizi. "Ametuma," alisema. "Anasema yaishe."

"Dada, wewe karibu, kaa unywe chai. Ndizi zirudi. Alinitaja uani mbele ya watu. Ndizi za kupita mlango wa nyuma sizili."

Margret alikunywa chai. Ndizi zilirudi.

Alhamisi saa nne Madinah alifunga mlango wa chumba. Kadija alikaa nje kwenye mkeka, tasbihi mkononi, lakini alikuwa hahesabu kitu. Saa tano na robo feni ya Norman ilinyamaza. Redio ya jirani ikanyamaza. Umeme ulikuwa umekwenda.

"Madinah!" aliita, kisha akauma ulimi. Mtihani hauruhusu sauti.

Brendah alitoka nje. Gaster alitoka nje. Walisimama wote wakitazama mlango uliofungwa, kama watu mbele ya chumba cha kujifungulia. Dakika moja. Mbili. Tano. Hakuna aliyetoka. Kutoka ndani ilisikika sauti ndogo ya vidole vikigonga kompyuta, tap, tap, tap. Kadija akaanza kuhesabu tasbihi.

Saa saba Madinah alitoka akitokwa jasho. "Ilikatika dakika mbili, Mama. Nikawasha ya simu. Nimemaliza maswali yote."

Wiki tatu baadaye majibu yalikuja. Madinah amefaulu. Siku hizo zote intaneti haikugombanisha mtu. Mtoto wa Gaster, aliye Kampala, anaonekana kwenye simu mpaka mswaki anaoushika. Kadija sasa anapokea oda za mikeka anayosuka kutoka Mbale akiwa amekaa kitandani.

Gaster alikuja uani, akampa Madinah mkono. "Hongera, mwalimu. Mama yake, hongera."

"Asante, Afande. Lakini bado."

Gaster alijua anachodaiwa. Norman na Brendah walikuwa wanafua. Walisimama, maji yakiwatiririka mikononi. Gaster alinyoosha mgongo, akatazama mbele.

"Mimi nilisema Kadija namaliza intaneti. Hapana yeye. Ni mimi nilifunga ruta ndani ya chuma. Na neno la siri niliandika getini. Makosa yangu."

"Na lingine?"

"Lingine gani?"

"Ulisema 'watu wa aina hii'."

Gaster aliacha kutazama mbele. Mikono yake ilitoka nyuma ya mgongo, ikaning'inia tu.

"Na hilo. Nilisema bila kupima. Nalitoa."

"Nimesikia," Kadija alisema.

Hakusema amesamehe. Hilo ni lake, na atalitoa siku atakayotaka yeye.