Majani ya Kahawa Hutazamana

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Généreuse alishuka kijitoni na mtungi, akapanda tena mlima kumwagilia miche arobaini ya kahawa nyuma ya nyumba. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mama yake. Mama alipofariki ikawa yake, naye ana miaka kumi na miwili tu. Miche yenyewe hakuna aliyeiomba. Wakubwa wa serikali ya wazungu waliigawa kwa kila baba wa kilima chao, na aliyeiacha ife alikwenda kifungoni siku saba.

Mwezi wa jua kali Généreuse alichoka. Siku nane nzima aliuficha mtungi vichakani akaenda kuruka kamba na rafiki yake Valérie. Miche kumi na mmoja ikakauka. Basi akang'oa vijiti vya porini vyenye majani ya kung'aa, akavichomeka mahali pake. Kapita wa kahawa, msimamizi aliyewekwa na wakubwa hao, alisimama njiani, akahesabu arobaini, akaenda zake. Wakubwa ndivyo walivyo: huhesabu, hawaangalii.

Ijumaa, mwalimu Edmond alitaka kila mwanafunzi alete tawi.

"Tazameni," alisema, akiinua la Athanase. "Hii ni kahawa. Majani yanatoka mawili mawili kwenye kifundo kimoja, yanatazamana kama watu wanaosalimiana. Hili la Valérie, moja kushoto, lingine kulia juu yake, kama ngazi. Kila mti una mpango wake."

Généreuse alivikumbuka vile vijiti vyake vya porini, akainua mkono. "Mwalimu, kahawa haiwezi kujipanga kama ngazi, hata ikiwa ndogo?"

"Hata siku moja! Muulize agronomu mwenyewe, bwana kilimo wa serikali, kesho atapita kwenu."

"Anataka kufundisha kahawa kupanda ngazi!" Athanase alisema. Darasa zima likacheka.

Généreuse hakucheka. Benchi lilimchoma mpaka kengele ya mwisho, akatimua mbio hadi nyumbani. Alipiga magoti, akagusa mche mmoja mmoja. Ishirini na tisa ilitazamana. Kumi na mmoja ilikuwa ngazi tupu. Hata kipofu angeitambua kwa vidole.

"Papa," alimwita baba yake, Sebarenzi, "miche kumi na mmoja si kahawa."

Baba aliruka juu. "Kapita! Njo yeye alituletea miti ya pori! Na ule agronomu, anapandisha watu kahawa mu jua, yeye iko anakaa mu kivuli! Leo watanisikia!" Akanyakua fimbo, akashika njia.

Généreuse akamkimbilia, akamshika mkono.

"Papa, si kapita. Ni mimi. Sikumwagilia, ikakufa, nikapanda ya pori."

Fimbo ilishuka polepole. Tangu mkewe afie njiani kwenda dispensari ya mbali, Sebarenzi aliwalaumu wakubwa kwa kila kitu, na mara nyingi hakukosea. Leo hasira yake ilikosa mahali pa kwenda.

"Enda kwa Mama Pétronille," alisema mwishowe. "Chini ya kahawa yake ya zamani mbegu zimejiotea. Umuombe kumi na moja. Na umuambie sababu, usifiche kitu."

Jirani huyo alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Ee mutoto! Ulitaka wazungu wakunywe majani ya pori?" Lakini alitoa. Wakaichimbua miche pamoja na udongo wake, wakaifunga kwa maganda ya mgomba, wakaipanda mahali pa vile vijiti kabla jua halijazama.

Jumamosi, agronomu alikuja pamoja na kapita, akachuchumaa kwenye miche. "Hapa udongo ni mpya. Kwa nini?"

Sebarenzi alifungua kinywa, lakini Généreuse alimtangulia. "Ya kwanza ilikufa, Bwana. Mimi sikuimwagilia. Jana tumepanda ingine."

Agronomu akagusa majani: mawili, mawili, mawili. Akamgeukia kapita. "Wewe uliandika yote iko muzima." Kapita akaanza kuchunguza vidole vya miguu yake. Miche yote arobaini sasa ilikuwa kahawa kweli, basi wakaondoka, na hakuna aliyefungwa.

Sebarenzi akamwambia binti yake, "Mutoto wangu, wakubwa hawakose sababu ya kufunga muntu. Hiyo yao siwezi kuizuia. Lakini kosa letu tuliseme sisi wenyewe, lingali dogo. Ukilifunika, atakayelifukua hatakuonea huruma."