Pete Iliyokatwa

Stendi ya Geita ilifurika watu asubuhi ile. Paskalia, ndani ya gauni la kitenge cha njano lililomkaa sawasawa, alikuwa akikimbilia basi la Kahama hereni yake ilipodondoka. Kijana mmoja mwenye shati jeupe aliiokota, akaigeuzageuza juani.

"Dada, hii ni shaba."

"Nani kakuuliza? Nipe hereni yangu."

"Samahani. Mimi ni sonara. Nikiona dhahabu ya uongo, ulimi hautulii."

"Basi utie kufuli!"

Wakacheka, na basi likamwacha. Kabla mwaka haujaisha, huyo sonara, Donatus, alimvisha pete ya uchumba aliyoifua mwenyewe kwa dhahabu ya Geita. "Mimi sikosei kidole," alijigamba.

Kidole ndicho kilichobadilika. Paskalia alikuwa msusi hodari pale Kahama. Mikono yake ilianza kuvimba, ikawa inageuka myeupe kila ikigusa maji baridi, kisha ngozi ikakakamaa. Zahanati walisema taifodi, shangazi akasema karogwa. Alimeza vya huku na vya kule, wala Donatus hakumwambia chochote kuhusu ugonjwa huo. Pete ilipombana hadi kidole kikapiga weusi, muuguzi akaikata.

Donatus aliikuta imekatwa kwenye mkoba wa mchumba wake siku alipokuwa akitafuta chaja. Masonara wanajua, mtu akiitilia shaka dhahabu, huikata aone ndani.

"Umeenda kuipima pete yangu? Nani kakutuma, yule broka wa dhahabu wa Kagongwa?"

"Dona, mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Kumbe siku zote unaniona tapeli!"

Akaitia pete mfukoni, akaondoka. Mwanamume mzima, pete aliiona, mikono ya mchumba wake hakuitazama! Alinuna miezi miwili bila kupokea simu, hadi Lusia, shoga yake Paskalia, alipompigia kwa namba ngeni.

"Shemeji, endelea kununa tu. Saluni imefungwa. Paska hawezi hata kushika kitana."

Siku hiyohiyo Donatus alifika Kahama. Alimkuta amekaa sebuleni na glavu za sufu, na joto lote lile.

"Kinga ya mwili wangu inanishambulia mwenyewe," Paskalia alisema. "Imeshaingia mapafuni. Daktari wa Mwanza anataka nikapandikizwe seli shina, zile zinazozaa damu na kinga, India."

"Wachukue zangu! Damu, uboho, chochote."

"Zako hazitakiwi, mpenzi. Watatoa zangu mwenyewe, wazihifadhi. Dawa kali zifute hii kinga iliyoasi, kisha wanirudishie, ianze upya kama ya kichanga. Hata chanjo nitarudia."

"Na utapona?"

"Kuna ambao ugonjwa unasimama, ngozi inalainika. Kuna wanaokufa kwa matibabu hayohayo. Na huenda nisizae."

Donatus alilia kwa hasira. Alizoea kutengeneza vitu kwa mikono yake, na hapa mikono haikuwa na kazi. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja kuliwachosha wote wawili. Mara jopo la madaktari halijakaa, mara kibali bado, mara kipimo kirudiwe. Na mapafu yakichoka mno, hakuna atakayekubali kumpandikiza.

Daktari wa Mwanza alipopiga kuahirisha tena, Paskalia aliitupa simu kwenye kochi.

"Nimechoka, Dona! Nenda kaoe mwenye vidole!"

Donatus akatoa pete mfukoni. Ilikuwa ileile, imesuguliwa ikang'aa, lakini ncha zake zilikuwa zimeachana.

"Hukuiunga," Paskalia alisema.

"Kidole kikivimba, itapanuka. Kikipungua, nitaibana."

"Wewe, usiyekosea kipimo?"

"Nilikosea. Nikuoe sasa, Paska, kabla ya safari. Ukirudi, nitaiunga."

"Na nisiporudi?"

"Basi nibaki mgane wako, si mchumba wako aliyenuna."

Paskalia akavua glavu ya kushoto, akanyoosha mkono.

"Nivishe taratibu," alisema. "Kinauma."