Kibano cha Bibi na Swali la Fantaye

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka juu ya mapaa ya kijiji chetu, darasa la nane lilianza kuimba. Usidhani waliimba wimbo. Waliimba vitenzi vya Kiingereza. Mwalimu Sintayehu aligonga ubao kwa fimbo, akasema, "Go!" na wanafunzi sitini wakaitikia, "Go, went, gone!" mpaka kuku wa uani wakatawanyika.

Fantaye naye aliitikia, ila sauti yake aliificha chini ya sauti za wenzake. Katika mtihani wa kuandika hakuwa na mpinzani. Lakini akiambiwa asimame aulize swali peke yake, ulimi ulimganda. Kiingereza nacho kina visa vyake! Sisi tukitaka kuuliza tunapandisha sauti tu, tumemaliza. Wao wana vineno vyao vya kuweza na kupaswa, kama can na must, na ukiuliza lazima kineno hicho kiruke kije mbele. Fantaye akiona watu wanamtazama, alisahau kila kitu.

"We Fantaye," Getnet alimcheka siku moja, "hilo swali lako limevaa suruali nyuma mbele!"

Darasa zima liliangua kicheko. Fantaye alikaa chini, machozi yakimlengalenga.

Wiki hiyo mwalimu alileta habari. Madaktari wa macho walikuwa njiani, nao wangepiga hema karibu na kanisa kwa siku mbili. Muuguzi aliyejua lugha yetu angekuwa ndani akisaidia upasuaji, kwa hiyo walihitaji wanafunzi watatu wa kusimama nje na daktari kutoka India, wamsaidie kuzungumza na wagonjwa.

Fantaye alimfikiria bibi yake, Yeshi. Bibi alikuwa na ugonjwa wa vikope. Kope zake zilikuwa zimepinda kuelekea ndani, na kila alipopepesa zilikwaruza jicho. Kama wanawake wengi wa rika lake, alining'iniza shingoni kibano kidogo cha chuma cha kuzing'olea. Jicho la kushoto lilikuwa limeanza kufunga wingu jeupe.

"Siendi," Bibi alisema aliposikia habari za hema. "Nimpe mgeni macho yangu, na anachosema sikisikii? Labda wewe usimame kando yangu."

Fantaye alijua basi kwamba hana njia nyingine. Alianza mazoezi siku hiyohiyo. Alimuuliza punda maswali kwa Kiingereza wakienda kisimani, na punda hakumcheka. Jioni, majirani walipokusanyika kunywa kahawa, aliuliza kila mtu, kuanzia kikombe cha kwanza mpaka cha tatu, kile cha mwisho cha baraka.

"Can you see me?" alimuuliza Bibi.

"Ndiyo mwanangu, ongeza sukari," Bibi alijibu, na majirani wakacheka hadi wakapaliwa.

Safari hii Fantaye hakulia. Alicheka nao, kisha akauliza tena. Siku ya kuchagua wanafunzi ilipofika, alisimama mbele ya darasa. Alikosea swali la kwanza, akalirudia, akalipata. Mwalimu Sintayehu aliandika jina lake la tatu, baada ya Getnet na msichana mwingine.

Siku ya hema, Bibi aliamka mapema kuliko jogoo. Fantaye alimkuta mlangoni na kibano mkononi, uso umeoshwa, kope zimeng'olewa zote.

"Mgeni hapokewi nyumba ikiwa chafu," Bibi alisema kwa fahari.

Mstari ulikuwa mrefu. Daktari Meenakshi, mwanamke mwenye sauti ya upole na haraka nyingi, aliwauliza wagonjwa swali lilelile, "Can you see?", naye Fantaye na wenzake walilitafsiri mpaka watoto waliokaa ukutani wakalikariri. Zamu ya Bibi ilipofika, daktari alimulika tochi, akainua ngozi ya jicho kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Sioni kope inayogusa jicho," alisema kwa Kiingereza. "Mpe dawa ya kupaka. Anaweza kwenda nyumbani. Anayefuata!"

"Amesemaje?" Bibi aliuliza.

Fantaye alimgeukia daktari. Swali alilolihitaji hakuwa amelifanyia mazoezi. Kesho yake hema lingeng'olewa, na wingu lile jeupe lingeendelea kutanda kwenye jicho la Bibi. Alifungua mdomo, na maneno yakatoka yamechanganyika. Nyuma yake Getnet alicheka puani.

Fantaye alivuta pumzi, akaanza upya, polepole.

"Daktari, naweza kuuliza swali?"

Daktari Meenakshi aligeuka. "Uliza."

"Kope zikiwa zimeng'olewa leo asubuhi, je, hazitaota tena?"

"Nani amezing'oa?"

Fantaye alikivuta kile kibano kutoka chini ya shuka la Bibi, akakiinua.

"Wee mtoto!" Bibi alifoka. "Unaniumbua mbele ya mgeni!"

Lakini daktari alikuwa ameshachukua kioo cha kukuzia. Aliangalia kwa muda mrefu, akaviona visiki vidogo vya kope, kisha akashusha pumzi. "Nilitaka kumrudisha nyumbani," alisema. "Zitaota tena, na zitamkwaruza mpaka awe kipofu. Lazima apasuliwe leo, kope zigeuzwe nje."

"Muulize kama nitaona," Bibi alinong'ona baada ya kutafsiriwa.

Fantaye aliuliza. Safari hii swali lilitoka limenyooka.

"Kilichoharibika hakitarudi," daktari alijibu. "Kilichobaki tutakiokoa."

Fantaye alipomtafsiria, Bibi alivuta pumzi ya ghafla, kama mtu aliyechomwa. Daktari alishtuka. "Nimemuumiza?"

"Hapana," Fantaye alicheka. "Kwetu hivyo ndivyo tunavyosema ndiyo."

Bibi alipasuliwa mchana huo, na kesho yake bandeji ilipofunguliwa hemani, Mwalimu Sintayehu alikuwepo, na Getnet pia.

"Mama Yeshi," mwalimu alisema, "ulificha kope ili upendeze, kidogo upoteze macho. Na wewe Fantaye, mwaka mzima ulificha makosa yako kwenye sauti za wenzako. Afichaye ugonjwa hana dawa. Swali likikosewa mbele ya watu hurekebishwa, lakini lisiloulizwa humwacha mtu gizani. Na wewe unayewacheka wenzako, Getnet, jana ulikaribia kumnyamazisha mtu mwenye jambo la maana."

Getnet aliinamisha kichwa. "Nisamehe, Fantaye. Mimi nisingethubutu kuuliza."

Bibi alivua uzi shingoni, akamkabidhi mjukuu wake kibano. "Kitolee miiba ya miguu. Mimi sina kazi nacho tena."

Fantaye alichuchumaa mbele yake, akauliza kwa sauti iliyosikika hema zima, "Can you see me?"

Bibi hakutaja sukari. Alimtazama kwa macho mekundu yaliyovimba, akavuta pumzi ya ghafla, ndefu, kisha akatabasamu.