Mistari Elfu Nne

Siku ya kwanza Loyce kumtia machoni Nickson, alikuwa anamtukana, na wala hakujua kwamba anayemtukana ndiye huyo aliyeketi kando yake.

Ilikuwa stendi ya Masasi, saa saba mchana. Joto lilikuwa limelalia mabati, wapiga debe walikuwa wamekauka makoo, na basi dogo la Newala bado lilisubiri abiria. Loyce alisimama kwenye kibaraza cha duka la vocha, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa kiunoni, nywele zimesukwa twende kilioni, simu sikioni.

"Faudhia, nakwambia huyu mtu akamatwe!" alifoka. "Programu nzima ameijaza kwenye klasi moja, fungu moja tu la maagizo. Mistari elfu nne! Humo humo inasajili wateja, humo humo inapanga zamu za maji, humo humo inatuma meseji. Ni kama mtu mmoja apike harusi, afungishe ndoa, halafu abebe na maharusi mgongoni! Mtu mwenye akili zake anaandika hivyo?"

Kwenye benchi kando yake, mwanamume mrefu mwenye shati la samawati lililopigwa pasi likanyooka alikuwa anamenya na kula ming'oko, vile viazi pori vya kusini. Akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Pole, kaka," Loyce alisema, akikata simu. "Pilipili?"

"Pilipili," alijibu. "Huyo mtu amekukosea nini?"

"Unaijua Newala?"

"Naifahamu."

"Basi unajua maji kwetu ni kitu gani. Kuna mradi unaitwa Chemchemi. Kila mtaa una siku yake ya kufunguliwa bomba, na meseji ndiyo inatuambia siku. Mwezi wa nane tuliambiwa Jumanne. Maji yakatoka Jumatatu, watu wote tuko shambani. Mama yangu akashuka bondeni kuchota, akateleza, mkono ukavunjika. Sasa wameniajiri mimi nisafishe uchafu wa mpumbavu aliyeandika ule mfumo."

Hapo ndipo yule mwanamume alipopaswa kusema kwamba ni yeye. Hakusema. Aliufungafunga mfuko wa ming'oko kama mtu aliyeshiba ghafla.

"Naitwa Nickson. Kwetu Njombe, ila nafundisha kompyuta hapa Masasi. Ukitaka mtu wa kukusaidia, nipo."

Alikuwa na sauti ya upole na vidole virefu visivyo na haraka. Loyce alimpa namba.

Wakaanza hivyo. Kila Jumamosi Nickson alipanda Newala, wakakaa kwenye mgahawa ulio nyuma ya soko, kompyuta kati yao, chai ya tangawizi na sahani ya maandazi pembeni. Alimfundisha kwamba kazi ile ni kama kukarabati nyumba watu wakiwa ndani: unapangua na kupanga upya, lakini wenyeji wasikose pa kulala. Kwanza uandike majaribio yatakayokwambia kama kuna kitu kimevunjika, ndipo uhamishe kipande kimoja, ujaribu, kisha kingine. Siku nyingine walizungumza kwa simu mpaka zikamaliza chaji.

"Umeamkaje, kipenzi?" Nickson aliuliza asubuhi moja.

"Na hasira. Huyu mjinga kitu kimoja amekiita x, kingine x2, kingine x2mpya. Hata mbuzi wanapewa majina ya maana!"

"Labda alikuwa na haraka."

"Mbona unamtetea? Shemeji yako?"

Nickson alicheka, kicheko kifupi. "Nakutetea wewe, usipasuke mishipa. Angalia na sehemu ya meseji. Huenda hesabu ya zamu imenakiliwa huko pia."

Loyce aliangalia. Ilikuwa imenakiliwa mara tatu. Mitaa ilipopangwa upya, mtu alirekebisha mbili, ya tatu ikabaki na siku za zamani. Na makosa yalipotokea, programu iliamriwa iyameze, isiseme kitu.

"Umejuaje?" alimuuliza.

"Nimebahatisha."

Alimpenda kwa kubahatisha huko. Miezi minne ilipokatika, alikuwa ameshamtaja kwa mama yake.

Alhamisi moja asubuhi, ofisini, alifika mstari wa elfu tatu mia moja na kumi na mbili. Palikuwa na sharti limejibanza ndani ya masharti mengine matano: kila meseji inayotoka, nakala yake iende kwenye namba fulani ya simu. Hapakuwa na jina wala maelezo. Loyce aliisoma ile namba mara moja tu. Alikuwa ameipigia asubuhi hiyo hiyo.

Alitoka nje, akapiga tena.

"Mrembo wangu, niko darasani, nikupigie—"

"Namba yako inafanya nini ndani ya mfumo?"

Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Loyce..."

"Jibu!"

"Niliiweka mimi. Nilikuwa nafanya majaribio, sikuitoa. Mfumo niliuandika mimi."

"Kwa hiyo kila meseji inakufikia mpaka leo."

"Zote."

"Na ile ya Jumanne?"

"Ilinifikia. Niliona siku imekosewa. Nilimpigia meneja Fortunatus, akaniambia nimeshaacha kazi, nisimfundishe ofisi yake."

"Miezi minne!" Walinzi getini waligeuka. "Miezi minne umekaa mezani unanisikiliza namtukana mpumbavu, kumbe mpumbavu mwenyewe ananimegea andazi!"

"Nilitaka kukwambia. Kila Jumamosi nilisema leo—"

"Fortunatus ulimwambia. Mimi hukuniambia."

Akakata. Aliingia ofisi ya meneja bila kubisha. Fortunatus, mtu mnene mwenye saa kubwa ya dhahabu, alikuwa anasoma gazeti.

"Ni kweli Nickson alikupigia simu ile wiki mama yangu alipoanguka?"

"Huyo? Kazi yake kulalamika tu. Kila nikimwambia aongeze kitu, anasema mfumo umeelemewa. Aliomba wiki tatu za kusafisha. Wiki tatu za nini, na mfumo unafanya kazi?"

"Mama yangu alivunjika mkono ndani ya hizo wiki tatu ulizomnyima," Loyce alisema. "Sasa mimi nazichukua. Ukinizuia, nitasimama kwenye mkutano wa mtaa niseme nani alipigiwa simu."

Fortunatus alikunja gazeti.

Loyce alifanya kazi peke yake, ameuma meno. Aliivunja ile klasi vipande vitatu: kimoja cha wateja, kimoja cha zamu, kimoja cha meseji. Hesabu ya zamu ikabaki mahali pamoja tu. Kila kitu akakipa jina lake. Yale makosa yaliyokuwa yakimezwa, sasa yalipiga kelele mpaka kwenye simu ya meneja. Ile namba aliifuta mwishoni kabisa, na alipoifuta alilia kwa hasira, maana kuifuta kwenye mfumo kulikuwa rahisi.

Nickson alipiga, hakupokea. Aliandika, hakusoma.

Jumapili ya zamu yao, wanawake walikuwa wamepanga ndoo bombani, Loyce na mama yake wakiwamo. Nickson alishuka kwenye bodaboda, shati limejaa vumbi.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba," waliitikia.

"Mimi ndiye niliyeandika mfumo uliowadanganya siku ya maji. Niliona umekosea. Nikapiga simu moja, nikanyamaza. Nimekuja mnione."

Palizuka kelele. Mmoja alimwita muuaji. Bi Kibibi, jirani, alichukua ndoo mbili tupu akazisukuma kifuani mwake.

"Bonde lile pale. Shuka, kijana. Meseji haichoti maji."

Alishuka. Alirudi baada ya saa mbili, viatu vimeharibika. Aliweka ndoo mbele ya Mama Loyce, ambaye mkono wake wa kulia haukunyooka tena vizuri.

"Umemwaga nusu," mama alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sikusamehe leo. Lakini umekuja na uso wako." Akaenda kwake, akawaacha wawili hao.

"Usidhani umemaliza," Loyce alisema.

"Sijamaliza."

"Ningekusamehe mistari elfu nne. Ulikuwa peke yako, ulinyimwa muda, najua sasa. Lakini mimi nilikuwa nakuuliza usoni, Nickson. 'Umejuaje?' Ukaniambia umebahatisha!"

"Niliogopa utaondoka."

"Kwa hiyo ukaamua niishi na mtu nisiyemjua!"

Nickson alisimama pale, matope mpaka usoni, akamwangalia. "Nataka kukuoa, Loyce. Najua nakosea wakati. Nimeshakosea kwa kunyamaza, sitaki kukosea tena kwa hilo."

Loyce alitamani kumwagia ndoo nzima. Alitamani pia kumfuta matope yale usoni, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Bado nina hasira," alisema.

"Naiona."

"Haiishi leo wala mwezi ujao."

"Nitasubiri iishe."

"Nani kakwambia usubiri?" Alijitwika ndoo, akaanza kutembea, kisha akageuka, maji yakimchuruzika shavuni. "Lete wazazi wako hivi hivi nikiwa na hasira. Waone vizuri mkwe wanayemchukua, wasije kusema hawakuambiwa."