Sasisho la Bure Ukutani kwa Rovena

"Entela, umekaa?"

"Nimekaa, shangazi."

"Basi simama. Habari hii ukiisikiliza umekaa itakubana kifua."

Entela akasimama, simu sikioni, mkononi kijiko cha jozi, kokwa zilizopikwa kwa sukari. Shangazi Polikseni hakuwa mtu wa kupiga simu kwa mambo madogo. Mambo madogo aliyapeleka mwenyewe kwa miguu, nyumba hadi nyumba, mpaka mji mzima wa Përmet ukapata sehemu yake.

"Mchumba wako yuko wapi saa hizi?"

"Dukani kwake. Kaniambia leo kuna matairi mengi ya kupanga, hatatoka matembezi."

"Hayo matairi yatakuwa yamehamia kwa Rovena. Ninamwona kwa macho yangu. Amekaa kwenye ukuta wake, chini ya mzabibu, anaitazama simu anatabasamu."

"Labda amepita tu."

"Mwanangu, anayepita hupita. Huyu amekuja na mto wa kukalia, na majirani wanasema si jioni ya kwanza."

Jozi ikaanguka miguuni, sharubati yote kwenye zulia la mama yake.

Rovena ndiye msichana aliyekuwa na Ylber kabla ya Entela. Si siri. Mji mzima ulijua walivyopendana, walivyoachana, na nani alilia zaidi. Na katika mji huu, jua likishapungua makali, barabara kuu inafungwa magari na watu wote wanatoka kutembea, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka saa ya chakula. Mwanaume anayetaka kufanya usaliti wa siri hachagui saa hiyo. Ylber aliichagua.

Entela akaandika ujumbe.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Dukani."

"Unafanya nini?"

"Kazi."

"Kazi gani?"

 Alama mbili za buluu zilionyesha kwamba Ylber amesoma, na hakuna kinachoudhi duniani kama kusomwa na mtu asiyejibu.

Asubuhi iliyofuata Entela alikuwa mlangoni pa duka la matairi kabla hata kufuli halijafunguliwa.

"Umeamkaje, Ylber?"

"Salama, moyo wangu. Mbona mapema hivi?"

"Nimekuja kukuulizia mgongo. Ule ukuta wa mawe haujakuumiza?"

Ylber akaangusha funguo. Akaziokota. Akaziangusha tena.

"Ukuta gani?"

"Wa Rovena."

"Aa. Huo."

"Ndiyo, huo. Ulikuwa kwa Rovena au hukuwa kwa Rovena?"

"Nilikuwa karibu na kwa Rovena."

"Karibu kiasi gani?"

"Kwenye ukuta wake."

"Unaongea naye?"

"Sijamwambia hata neno moja. Naapa kwa mkate."

"Mnaandikiana?"

"Simu hii hapa, kagua."

Entela akakagua. Hakuna kitu. Jina la Rovena halimo hata kwenye orodha. Hilo likamchanganya zaidi, maana ushahidi angalau ungempa mahali pa kuelekeza hasira.

"Unampenda bado?"

"Hapana."

"Sasa unafuata nini pale kila jioni?"

Ylber akatazama matairi. Akatazama dari.

"Siwezi kukwambia."

"Harusi ni mwezi ujao. Gauni limeshafika kutoka mjini Korça. Kitu gani huwezi kumwambia mke wako?"

"Entela, kuna mambo mwanaume hayasemi."

"Haya. Leo usiende pale. Sitaki maelezo, sitaki viapo vya mkate wala vya chumvi. Usiende tu. Ukienda, hakuna harusi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Sasa, kwa heshima zote anazostahili bwana harusi mtarajiwa, ifahamike kwamba alikuwa na nia njema kabisa. Alishinda dukani akijizuia. Jua likapungua makali. Ylber akachukua mto wake akaenda.

Entela alikuwa anatembea na shangazi Polikseni, mkono kwa mkono, katikati ya watu. Wakafika usawa wa mzabibu. Ylber alikuwepo. Mgongo umeinama, simu imeinuliwa mbele ya uso kama mtu anayetafuta mwezi.

"Usipige kelele," shangazi akanong'ona.

"Sipigi."

"Kama utapiga, ngoja nisogee nione vizuri."

Kabla Entela hajapiga hatua, mlango wa baraza la juu ukafunguka. Rovena akatoka. Nywele zimetengenezwa, hereni ndefu, gauni jekundu ambalo mtu halivai kwa kuanika nguo. Watu wakapunguza mwendo. Wengine wakagundua kamba za viatu zimelegea, wote kwa pamoja.

"Ylber," Rovena akasema.

Ylber akainua kichwa kama mwanafunzi aliyekutwa jikoni.

"Wiki nzima unakaa hapo. Nami wiki nzima nakaa nyuma ya pazia nikisubiri useme. Nimechoka kusubiri. Nimeshamwambia mama, amelia, kisha amesema anakusamehe. Kwa hiyo panda juu tuzungumze, au sema hapohapo. Mimi sioni aibu tena."

Entela alihisi mkono wa shangazi unabana wake. Barabara nzima ilisimama kusikiliza. Hata watoto.

"Rovena," Ylber akasema kwa upole, "naomba usogee kidogo kushoto. Hapo mlangoni unaizuia intaneti."

"Nini?"

"Imefika asilimia tisini na mbili."

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa Entela, ambaye alielewa yote mara moja na akatamani asingeelewa. Akapita katikati ya watu mpaka ukutani.

"Asilimia tisini na mbili ya nini?"

"Moyo wangu. Nilikuwa nakuja kukueleza."

"Nieleze."

"Simu inataka toleo jipya la programu zake. Bila hilo, benki haifunguki, na malipo ya ukumbi wa harusi yanapita humohumo benki. Ninafanya hivi kwa ajili yetu."

"Ungenunua kifurushi cha data."

"Nilinunua. Sasisho likakila chote likiwa nusu, likasimama, likaniambia ninunue kingine au nitafute waifai. Hao wa kampuni ya simu hawana huruma. Kwa nini niwalipe tena kwa kitu kinachopita bure hewani?"

"Kinapita bure kwa Rovena?"

"Simu inaingia yenyewe. Ilikuwa imeshazoea. Ila hapa mawimbi ni dhaifu, yakikatika inaanza upya, ndiyo maana nimerudi rudi."

Shangazi Polikseni, ambaye hakuwa ameulizwa, akasogea. "Mkahawani kuna intaneti ya bure, kijana. Kila mkahawa wa mji huu."

"Mkahawani, shangazi?" Kwa mara ya kwanza jioni ile Ylber alionekana ameumia kweli. "Nikikaa mkahawani saa nzima, anakuja binamu, anaketi. Anakuja mwalimu wangu wa zamani, anaketi. Anakuja baba mdogo na wenzake wa kucheza karata. Nitawaacha walipe, na mimi ndiye niliyetangulia mezani? Ningemaliza nikiwa na toleo jipya na duka lililofilisika."

Wanaume kadhaa barabarani wakatikisa vichwa kwa huzuni. Walimwelewa.

"Na kwetu?" Entela akauliza. "Kwetu ipo, ina nguvu, na kuna kiti."

"Kwenu siwezi kuja mikono mitupu. Mchumba anakuja na sanduku la peremende. Kila jioni sanduku? Mama yako angeanza kuziuza."

Mtu mmoja akacheka. Entela hakucheka.

"Asubuhi nilikuuliza. Uliniacha niondoke nikiamini una mwanamke mwingine."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya kifurushi."

"Nielewe, Entela. Mtu akiitwa mhuni hapa, watu wanamsema mwezi mmoja, kisha wanamwalika glasi ya raki. Akiitwa bahili, wanaitwa hivyo mpaka wajukuu. Nikaona bora uamini lile jepesi."

"Jepesi kwa nani?"

 Jibu likatoka juu barazani, kwa sauti ndogo.

"Sikubadilisha nenosiri."

Wote wakainua macho. Rovena alikuwa ameshika chuma cha baraza kwa mikono miwili.

"Toka ulipoondoka, sijalibadilisha. Kila jioni nilikuwa naliona jina la simu yako linaingia. Nikadhani ni wewe unayekuja."

"Rovena, mimi..."

"Usiseme. Umeshasema."

Akaingia ndani. Punde Ylber akaitazama simu yake, uso ukabadilika.

"Amezima," akasema. "Ilikuwa tisini na sita. Rovena, dakika chache tu, nakuomba."

Pazia halikutikisika.

Entela alimtazama mwanaume huyu, mabega mapana, macho mazuri, mto chini ya makalio. Hasira yote aliyokuja nayo ilikuwa imekosa pa kwenda. Hakuna mwanamke wa kumchukia. Hakuna hata uongo mkubwa wa kuvunja. Akatoa simu yake, akabonyeza hapa na pale.

"Unafanya nini?" Ylber akauliza.

"Nimenunua kifurushi. Kile kikubwa. Nimekuwashia, unaweza kuvuta kwangu." "Au tuache simu, Ylber. Nipe mkono, tutembee mpaka mwisho wa barabara na kurudi, mbele ya watu wote. Wacheke wamalize. Nitasahau. Naweza kusahau leo hii ukisimama sasa."

Ylber akamtazama. Inawezekana kabisa kwamba alikuwa anataka kusimama, shangazi Polikseni baadaye aliapa kwamba goti moja lilicheza. Lakini kiooni yalikuwa yametokea maneno: Jiunge na simu ya Entela?

"Dakika kumi tu, moyo wangu," akasema. "Kisha tunatembea."

Akabonyeza ndiyo.

Entela hakuondoka. Alijua akisogea mbali mawimbi yatakatika, na hakutaka kuwa mtu wa kukata. Akasimama pale pembeni ya ukuta, mkono umenyoosha simu, huku watu wakimpita wakijifanya kutazama mzabibu. Ylber alikuwa na furaha. Alimhesabia, maana ilianza upya: sabini, themanini, ona kasi hii, yako ni nzuri sana. Ilipofika mia, kioo kikawa cheusi.

"Inajizima ili ijiwashe upya. Ni kawaida. Usiogope."

"Siogopi."

Ylber akaikazia macho mpaka taa ilipowaka tena. Alipoinua macho, pete ya uchumba ilikuwa juu ya jiwe kando ya mto wake wa kukalia, na Entela alikuwa ameshafika kwenye umati. Rovena alikuwa ameshuka, bado na gauni lake jekundu, macho yamevimba. Entela alimpa tu mkono, Rovena akaushika, wakaanza kutembea.

Ylber akawakimbilia, simu mkono mmoja, pete mkono mwingine.

"Entela, imekamilika. Sasa tunaweza kutembea."

"Tembea," Entela akasema bila kugeuka. "Barabara ni bure."