Alama ya Chaki

Kila siku baada ya shule, Chiriku alivua sare na kwenda kwenye kibanda ambako mama yake aliuza rimu na matairi yaliyokwisha kutumika. Jina hilo alipewa na mama kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Kazi yake ilikuwa kumulika ndani ya kila tairi kwa tochi na kulipapasa, akitafuta mpasuko au uvimbe. Likiwa zima, alilichora alama ya vema kwa chaki. Mama aliuza kwa kuiamini alama hiyo.

Siku hiyo mzigo mpya ulishushwa, na kufikia alasiri wote wawili walikuwa hoi bin taaban. Mgongo ulimuuma Chiriku, na mikono ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Lilipobaki tairi moja, alijisemea, "Mengine yote ni mazima. Hili nalo litakuwa na nini?" Akalichora alama ya vema, akaketi.

Muda si muda akaja dereva wa teksi, akalichagua lilo hilo.

"Mama, hili ni la kuaminika? Alfajiri nasafiri na wanangu wote."

"Binti yangu amelikagua, baba. Ondoa shaka."

Chiriku aliinuka. Alitazama tairi likivishwa kwenye rimu, likijazwa upepo, nati zikikazwa. Akisema, ni aibu, na mama amechoka. Akinyamaza, je, wale watoto?

Mama akainua uso. "Chiriku, mbona kimya? Unaumwa?"

"Mama, hilo sikulimulika," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilichoka, nikachora tu."

Mama alishusha pumzi ndefu. Hakugomba. Alichukua spana, akafungua nati zilezile alizokwisha kukaza. Tairi likavuliwa, likamulikwa, likapapaswa mara mbili. Lilikuwa zima kabisa.

"Kumbe tumejichosha bure!" dereva akacheka.

"Si bure, baba," mama alijibu, akijifuta jasho. Kisha akamgeukia bintiye. "Kuchoka si kosa, mwanangu, hata mimi nimechoka. Ungeniambia, tungeliacha hadi kesho. Tairi limekuwa zima kwa bahati tu, lakini chaki yako ilisema uongo, nami nikaurudia mbele ya mtu. Afadhali umesema mapema."

Akaifuta ile alama kwa kiganja, akampa chaki.

"Umeliona kwa macho yako. Sasa chora."