Fundi Lifti Hakusema Hivyo

Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana, msimu wa mitihani, na foleni ya duka la kopi ilikuwa imetoka nje na kupinda kona. Mashine kubwa ilitema karatasi za moto moja baada ya nyingine. Mbele yake alisimama mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Dada wa Kopi: gauni la kijivu lenye doa la wino kwenye kiwiko, kiatu cha chini, miwani iliyofungwa plasta ya kidonda pale mkono ulipokatika. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao mtu akilala nao, huamka nao.

"Nakala mbili mbili, dada. Na tafadhali usizikunje."

Alipokea karatasi bila kumtazama mwenyewe. Kisha mkono wake ukasita. Aliyechorwa alikuwa Fundi Lifti.

Watu wengi walimjua Fundi Lifti. Hadithi yake ya picha ilitoka kijitabu kimoja kila mwezi, vijitabu thelathini na kimoja, kisha ikakatika. Ilimhusu fundi wa jengo ambalo lifti yake haifiki ghorofa ya saba, na huko juu anaishi mwanamke mwenye kitambaa cha manjano. Hawajawahi kuonana. Wanazungumza tu kupitia shimo la lifti, yeye chini na vifaa vyake, mwanamke juu na sauti yake. Katika kijitabu cha mwisho fundi anaingia kwenye lifti aliyoitengeneza mwenyewe, mlango unaanza kujifunga, naye anasema neno moja: "Usinisubiri." Mwezi uliofuata ilitangazwa kuwa mchoraji amefariki. Tangu hapo wasomaji waliiendeleza wenyewe, wakiandika na kuchora na kutumiana kwenye kundi la simu.

"Kitambaa kiko wapi?" aliuliza Dada wa Kopi.

"Kitambaa gani?"

"Cha huyu mwanamke. Vijitabu thelathini na kimoja hajakivua hata mara moja."

"Labda alikuwa anaoga."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka. "Na sanduku la vifaa fundi hulishika mkono wa kushoto."

"Kwani hapa mnakopi au mnasahihisha?"

"Vyote. Kusahihisha ni bure."

"Basi na mimi nina cha bure," alisema mwanamume mwenye michoro. Alikuwa mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono mara mbili, suruali ya kaki yenye mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. "Mimi ni fundi miwani, hapo ng'ambo, juu ya duka la viatu. Hiyo ya kwako ilete leo, kabla haijalazwa."

Neno hilo, kulazwa, lilimchoma kidogo. Lakini alijikuta anatabasamu, jambo ambalo uso wake ulikuwa umeanza kulisahau.

"Nyie wachumba!" Shangazi yake, mwenye duka, alipaza sauti kutoka kwenye meza ya kupokea. "Mkimaliza kuoana, watu wana mitihani!"

Aliipeleka miwani jioni ile ile. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana, kilichonuka plastiki iliyopashwa moto na spiriti. Fundi miwani alitoa skrubu isiyozidi mbegu ya ufuta, akaikaza, kisha akamvisha miwani kwa vidole viwili, nyuma ya sikio hili, nyuma ya lile.

"Unaona nini?"

"Naona unahitaji kunyoa."

"Basi imepona."

Ndivyo walivyoanza. Kila Alhamisi fundi miwani alileta kurasa mpya, na kila Alhamisi Dada wa Kopi alizisahihisha kwa penseli. Katika kundi la simu yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa masharti. Masharti yalikuwa matatu tu: fundi hapandi ngazi, mwanamke hashuki, na neno la mwisho ni "Usinisubiri." Aliyeyavunja, kazi yake ilifutwa. Wengine walimwita Bi Mkubwa. Hakuna aliyejua kwamba mchoraji alikuwa kaka yake, aliyefuatana naye ziwa moja, na kwamba chini ya kitanda cha mama yao lilikuwepo boksi lenye kurasa zote za mwanzo.

"Laazizi," fundi miwani alimpigia simu siku moja mashine zikiunguruma dukani, "huyu mtu wetu akikasirika hufoka au hunyamaza?"

"Hunyamaza. Kijitabu cha tisa."

"Na wewe?"

"Mimi hupunguza wino."

"Basi ndiyo maana kopi zangu za juzi zilikuwa kijivu! Nimekosa nini, mama?"

"Ulimpa fundi sharubu."

"Sharubu ni kosa?"

"Kama hakuwa nazo, ni kosa."

"Mpenzi, tukifuata kila mstari tutakuwa mashine ya kopi. Samahani kwa mashine."

"Na ukiacha kila mstari, chora mtu wako, umpe jina lako."

"Haya, nimfuate mpaka wapi?"

"Mpaka alipoishia."

"Nikifika hapo?"

"Simama."

Alicheka upande wa pili wa simu. Yeye hakucheka, na fundi miwani, ambaye kazi yake ni kuona vitu vidogo, hilo hakuliona.

"Umemwambia?" mama yake alimuuliza siku aliyomsikia anaimba huku anafua.

"Bado."

"Mwanangu, moto hauwekwi mfukoni."

Miezi mitano ilipita hivyo. Halafu Jumamosi moja, saa tisa, duka likiwa halina mtu, fundi miwani alikuja na kurasa nane ndani ya bahasha, amevaa shati jipya la buluu.

"Nimemaliza," alisema. "Hizi sijazituma popote. Nilitaka uanze wewe."

Dada wa Kopi alizitazama moja moja. Mlango wa lifti ulifunguka ghorofa ya saba. Fundi alitoka, nywele zimeingia mvi, magoti yamechoka, sanduku mkono wa kushoto. Mwanamke wa kitambaa cha manjano alikuwa kwenye kiti kando ya mlango, naye amezeeka. Alikuwa amesubiri.

"Umemzeesha," alisema polepole.

"Miaka imepita."

"Hakufika kuzeeka."

"Nani? Fundi?"

"Alimwambia asimsubiri! Hujui kusoma?"

"Mtu akiambiwa asisubiri, hajakatazwa kusubiri. Huyu mama ana akili zake, bibie. Hata mimi ningekaa pale."

"Wewe ni nani hata umtoe? Alikuwa na miaka ishirini na tisa! Hakutoka! Yule ni kaka yangu, na hakutoka!"

Mashine ilikuwa imezimwa, kwa hiyo maneno yalisikika yote.

"Pole," alisema fundi miwani. "Pole sana." Kisha, taratibu zaidi: "Miezi mitano umenisahihisha kama mwalimu. Nimekuletea kila nilicho nacho. Na wewe hukuniona mtu wa kuambiwa kwamba ulifiwa?"

Dada wa Kopi alichukua simu, na mbele ya macho yake akamtoa kwenye kundi.

Fundi miwani alikusanya kurasa zake nane, akazipanga kingo kwa kingo, akaondoka.

Wiki zilizofuata zilikwenda kama mtu aliyebeba maji kichwani. Kufungua, kukopi, kubana, kufunga. Shangazi alimtazama, akaacha utani, na hapo ndipo Dada wa Kopi alipojua kwamba hali ni mbaya. Ng'ambo ya barabara dirisha pana lilikuwa wazi kila siku, na kila siku alijizuia kulitazama mpaka shingo ikamuuma.

Jumapili moja mama alitaka boksi litolewe, sakafu ipigwe deki. Dada wa Kopi aliliinua, kitako kikaachia, kurasa zikamwagika. Akazikusanya akiwa amepiga magoti. Ukurasa wa mwisho kabisa ulipoinuliwa, kipande kidogo cha karatasi kilidondoka kutoka juu yake kama jani kavu.

Hakuhitaji kukisoma.

Kaka yake alikuwa na mwandiko wa nyayo za kuku. Kwa hiyo yeye alichora, na dada yake ndiye aliyeandika maneno, kwenye vipande vya karatasi vilivyokatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi, kila kimoja ndani ya kiduara chake cha maneno. Kaka alimtajia, yeye akaandika. Vijitabu thelathini na kimoja. Ukurasa huu wa mwisho alikuwa ameuchorea kitandani, wodini, akaishiwa nguvu kabla ya kutaja neno. Mchapishaji alikuwa anapiga simu. Dada mtu alikuwa amekaa kwenye benchi la korido siku ya kumi na moja, mgongo hauna hisia, na alipoingia kumuuliza, kaka alikuwa amelala. Akaandika mwenyewe. Usinisubiri. Siku ya tatu yake, kaka akafa.

Sasa gundi ilikuwa imekauka, na chini ya neno lile kiduara kilikuwa kitupu, cheupe, kama alivyokiacha.

"Mama," alisema, bado yuko chini. "Natoka kidogo."

"Na deki?"

"Nitarudi."

"Nenda," alisema mama. "Sakafu haina miguu."

Alipanda ngazi za duka la viatu. Fundi miwani alikuwa peke yake, anasugua kioo kwa kitambaa laini. Alimwona, akaweka kioo chini.

Dada wa Kopi aliweka ukurasa juu ya meza, na kipande cha karatasi pembeni.

"Fundi Lifti hakusema hivyo," alisema. "Nilisema mimi. Nilikuwa nimechoka kusubiri, nikamwandikia yeye. Nafuta kazi za watu kwa neno ambalo ni langu."

Akamweleza yote, benchi, simu ya mchapishaji, siku tatu. Fundi miwani hakumkatiza. Hakusema si kosa lako, maneno ambayo wengine wangemmwagia naye angeyakataa.

"Yeye angesema nini pale?" aliuliza mwishowe.

"Sijui. Hicho ndicho kinachoniua. Sijui."

"Pengine na yeye alikuwa hajui. Ndiyo maana akaacha."

Alivuta droo, akatoa bahasha ile ile. Kurasa nane, hazijaguswa, hazijatumwa kwa mtu. Akautandaza wa mwisho: mlango wazi, fundi mwenye mvi amesimama, mwanamke kwenye kiti. Siku ile hasira ilikuwa imemfumba Dada wa Kopi macho. Juu ya kichwa cha mwanamke kulikuwa na kiduara kitupu.

"Hiki nilishindwa," alisema fundi miwani. "Nilikuja siku ile nikuombe uniandikie. Ni wewe unayemjua."

Alimpa kalamu. Mkasi ulikuwepo, gundi ilikuwepo. Dada wa Kopi alivua miwani, akajifuta macho kwa kiwiko chenye wino, akaivaa tena. Akakata kipande cha karatasi kwa saizi ya kiduara, kama alivyofanya mara elfu. Mara hii hakukuwa na mtu wa kumtajia. Aliandika kwa mwandiko ule ambao wasomaji wote waliujua, akapaka gundi, akabandika, akabonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika.

*Nimechoka kusimama na kuketi peke yangu. Ingia.*

Fundi miwani alisoma mara mbili.

"Na hiki kitafutwa kundini, Bi Mkubwa?"

"Kitaingia, na maelezo yangu chini yake. Wajue nani aliandika nini." Akaifunika gundi. "Nitakurudisha na wewe. Kama utarudi."

"Kwenye kundi?"

"Kila mahali."

Fundi miwani alivuta kiti kilichokuwa nyuma ya mlango, akakipangusa vumbi kwa kitambaa cha miwani, akakiweka karibu na cha kwake.

"Kaa, mama," alisema. "Umesimama mno."

Akakaa.